Barua kutoka Tennessee: Safari ya Wasiokunywa

Nashville, Tennessee

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo, na salamu tele ziwafikie jamaa wote wa barazani kwetu Barabara ya Nane, Tanga, wakubwa kwa wadogo, pamoja na wale wajao kwa ajili ya kahawa tu na kuondoka kabla ya kulipa. Lengo kubwa la waraka huu ni kujibu habari iliyonifikia kwa simu ya Shangazi, kwamba picha yangu niliyopigwa nikiwa nimesimama bega kwa bega na sanamu ya mtengenezaji wiski aliye mashuhuri kuliko wote wa Marekani imekwisha kuzunguka Ngamiani yote na kuingia Chumbageni, na kwamba katika shughuli ya hina ya juzi zimekatwa hukumu mbili juu yangu: ya kwanza, kuwa nimekuwa mlevi, na ya pili, kuwa ni mlevi mwenye mali, kwa kuwa katika picha ile nimevaa koti la ngozi na kukumbatia helmeti ya thamani. Koti ni la kuazima, helmeti ni ya kuazima, na sanamu yenyewe si jamaa yangu. Lakini kwa kuwa mtu aliye mbali hana wakili barazani, nimeona bora niyaandike mambo yote tangu mwanzo, ili Maalim ayasome kwa sauti baada ya Isha na fitina ikome.

Safari hii tuliifanya watu watatu. Wa kwanza, ambaye ndiye aliyeipanga, ni jirani yangu Mmarekani, mzee wa miaka sabini na ushei aliyestaafu kazi ya kuendesha malori, mwenye ndevu nyeupe zinazomfika kifuani, na ambaye sisi Waswahili wa jengo hili tumempa jina la Babu Ndevu. Naye, Ami, ni shemasi wa kanisa la Baptisti, na katika umri wake wote hajaonja pombe, wala hajashika karata, wala, kwa kauli yake mwenyewe, hajacheza dansi mahali ambapo watu wangeweza kumwona. Wa pili ni mwenzangu wa kazini, Mkongo wa Lubumbashi ambaye tunamwita Mkatanga, kwa maana Nashville hii ina Wakongo wengi waliokuja kwa mlango wa ukimbizi, na Kiswahili utakisikia dukani na kwenye vituo vya mabasi, kwa lafudhi ya Katanga na ya Kivu, mpaka usahau kuwa umevuka bahari. Huyu hunywa, hupenda kunywa, na wala haoni haya kusema hivyo. Lakini siku ile alikuwa akiendesha pikipiki yake mwenyewe, na sheria za huku hazina mzaha na dereva aliyeonja. Wa tatu ni mimi, abiria nyuma ya Babu Ndevu, nisiye na usukani wala leseni. Basi tazama majaliwa yalivyotupanga: katika watu watatu waliotoka asubuhi na mapema kwenda kuzuru wiski, aliyetaka kunywa alizuiwa na serikali, aliyeruhusiwa na serikali alizuiwa na dini yake, na amiri wa msafara alikuwa shemasi. Nilipomuuliza Babu Ndevu ni lipi basi limpelekalo huko, alinijibu kuwa barabara yake ina kona nzuri.

Pikipiki ya Babu Ndevu ni Harley-Davidson ya aina iitwayo Road King, na hapa yanilazimu nisimame kidogo, maana ninyi mmezoea bodaboda ya sentimita za ujazo 125 au 150, ambayo kijana mwembamba huiinua peke yake akiivusha dimbwi. Hii ina silinda mbili zilizokaa kwa mkao wa herufi V, na ujazo wake ni sentimita 1,746, zaidi ya injini za taksi nyingi za mjini Tanga. Uzito wake unapita ratili 800, na ikikulalia huinuki mpaka waitwe watu. Tena sauti yake haifanani na ya pikipiki nyingine yoyote, kwa sababu mikono ya pistoni zote mbili imeshikwa kwenye pini moja, hata milipuko ya mafuta haigawanyiki sawasawa, bali hugonga miwili kwa kufuatana, ikasita, ikagonga tena miwili, ikasita, na mtu aliyeketi juu yake hubaki muda wote akingoja izimike, nayo haizimiki. Ilipowashwa chini ya madirisha yetu saa kumi na mbili asubuhi, taa za jengo zima ziliwaka.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, majira ambayo majani ya miti huku hugeuka rangi ya manjano na nyekundu kabla ya kupukutika, na baridi ya asubuhi ni ya kumfanya mtu wa pwani awakumbuke waliomtangulia. Tennessee ina sheria inayomlazimisha kila apandaye pikipiki, dereva na abiria, avae helmeti. Lakini hapana sheria inayozungumzia magoti, basi nilivaa suruali mbili, soksi tatu, na kikoi cha nyumbani nikajizungushia shingoni, ambacho Babu Ndevu alikichomeka mwenyewe ndani ya koti langu kwa mikono miwili, akanieleza kwa upole habari za gurudumu na nguo inayopepea, maelezo ambayo sitayarudia kwa kuwa Bi Mkubwa naye atakuwapo yanaposomwa.

Tulishika barabara kuu ya 24 kuelekea Murfreesboro, katikati ya malori, na sitasema mengi juu ya kipande hicho, kwa kuwa sehemu kubwa yake nilifumba macho. Lakini tulipoiacha na kuingia barabara ya 231 iendayo kusini, mashamba yakafunguka, ng'ombe wakaonekana, makanisa yakafuatana kila baada ya hatua chache na mabango yenye maonyo mafupi kwa wapitaji, na hapo ndipo lilipoanza suala la salamu. Desturi ya wapanda pikipiki wa Marekani ni kusalimiana wanapopishana, hata kama hawajuani na hawatajuana milele: dereva huuteremsha mkono wa kushoto chini ya usukani, akanyoosha vidole viwili kuielekea lami, na kazi imekwisha. Mimi, niliyelelewa na wewe, Ami, kuwa mtu akikuamkia umjibu kwa maamkizi yaliyo bora kuliko yake, sikuona kuwa vidole viwili vyatosha. Basi kila tulipopishana na watu niliuinua mkono wa kulia wote mpaka juu ya helmeti, nikainama kwa taadhima, na wale wazee wenye mvi nikawauliza pia hali ya nyumbani, ingawa upepo uliyachukua maswali kabla hayajafika. Tuliposimama kwenye sheli, Babu Ndevu alinishukuru kwa adabu yangu, akanifahamisha kuwa kila nikiinama pikipiki hujongea upande wa malori, na tukakubaliana kuwa tangu hapo atasalimia yeye kwa niaba yetu sote.

Shelbyville tuliupita bila kukaa. Ni mji wa farasi, wa ile mbegu iitwayo Tennessee Walking Horse, ambao huitupa miguu kwa mwendo laini hata mpandaji hatikisiki kitini, na tangu mwaka 1939 hufanyiwa tamasha kubwa kila mwaka. Nami, kwa hali ya kiuno changu saa ile, nilimtazama farasi mmoja uwanjani kwa wivu usio na kifani. Kutoka hapo ndipo ilipoanza barabara ya 82, na zile kona za Babu Ndevu zikajitokeza, moja baada ya nyingine, kati ya vilima na vijito, na mzee yule akawa anailaza pikipiki kulia na kushoto huku akiimba tenzi za kanisani ndani ya helmeti, nami nyuma yake nikisoma niliyoyahifadhi, ikawa chombo kimoja kinalindwa na pande mbili.

Mji wenyewe waitwa Lynchburg, nao ni makao ya wilaya ya Moore: mahakama ya matofali mekundu katikati ya uwanja, maduka yameizunguka, wazee wameketi kwenye viti vya mbao wakipitisha wakati. Hapa, Ami, hutengenezwa wiski ya Jack Daniel's, ambayo chupa yake ya pembe nne na karatasi yake nyeusi utaikuta Dar es Salaam, utaikuta Dubai, utaikuta katika viwanja vya ndege vya nchi ambazo wenyewe hawaruhusiwi kuinunua. Na hapa hapa, katika wilaya hii hii, uuzaji wa pombe ni marufuku. Si mzaha. Tennessee ilikataza utengenezaji wa pombe tangu mwaka 1910, miaka kumi kabla taifa zima halijafanya hivyo. Marufuku ya taifa yakafutwa mwaka 1933, kiwanda kikarejea kazini mwaka 1938, lakini wilaya ikabaki kavu kama ilivyokuwa. Baadaye sheria za jimbo zilitoboa vitundu viwili vitatu, hata kiwanda kikapata ruhusa ya kuwauzia wageni chupa za ukumbusho katika ardhi yake na kuwaonjesha wale wanaolipia ziara ya kuonja. Ama kanuni yenyewe haikuondoka. Nilipolisikia jambo hili nilijiona nimefika kwa jamaa. Mkatanga alilisikia pia, akavua helmeti taratibu, akautazama ule uwanja wote, akasema: "Yaani baba, tunafika ku mto, tunarudia na kiu?"

Tulichukua ziara isiyo na kuonja, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza, na aliyetuongoza alikuwa bwana mmoja mwenye tumbo na sauti ya kuvuta maneno, aliyeanza kwa kutupeleka pangoni. Chanzo cha yote ni maji: chemchemi itokayo chini ya mwamba wa chokaa, ambayo haibadiliki majira yote ya mwaka, digrii 56 za Farenhaiti, yaani takriban 13 za Selsiasi, na isiyo na chuma ndani yake, kwa kuwa chuma huiharibu wiski rangi na ladha. Mbele ya pango imesimamishwa sanamu ya Jasper Newton Daniel, aliyejulikana kwa jina la Jack, mwenye kofia pana na masharubu. Na kwa kuwa mwongozi alitwambia kuwa bwana huyu alikuwa na kimo cha futi 5 na inchi 2 tu, nilisogea ili nijipime naye, na Mkatanga, ambaye simu haimtoki mkononi, akapiga picha na kuituma kabla sijapata jibu la kimo. Hiyo ndiyo picha. Hapana chupa ndani yake, na atakayesema ameiona chupa basi ameitia mwenyewe.

Kinachofuata mtakifahamu vyema kuliko Wamarekani wengi tuliokuwa nao, maana ni togwa. Huchukuliwa nafaka, asilimia 80 mahindi, 12 kimea cha shayiri, na 8 ile nafaka ya nchi za baridi waiitayo rai, zikasagwa, zikapikwa kwa maji yale ya pangoni, na kimea kikafanya kazi yake ya kuugeuza wanga kuwa sukari, sawasawa na kifanyavyo katika chungu cha Shangazi. Kisha hutiwa sehemu ya machicha ya mpiko uliotangulia, ambayo ni chachu na huulinda uji usiingiliwe na vijidudu vigeni, hata kila mpiko ukawa na nasaba na ulio kabla yake. Hutiwa hamira, huachwa siku kadhaa katika matangi makubwa ukitokota bila moto, na mwongozi alipotufunulia dirisha la tangi moja nilimwona Mkatanga akifumba macho na kuvuta pumzi iliyomfikisha Lubumbashi. Mwisho hupandishwa kwenye minara ya shaba na kukenekwa kwa mvuke, pombe ikatoka upande wa pili nyeupe kama maji ikiwa na nguvu ya asilimia 70. Sisi tuliokulia Tanga tunaijua gongo, hata kama hatuijui kinywani: pipa, bomba la shaba lililopitishwa ndani ya maji baridi, na kijana aliyewekwa njiani kuchungulia askari. Nilitafuta tafauti kwa insafu, nikakuta kuwa hapa askari yuko getini na kazi yake ni kuwaonyesha wageni pa kuegesha magari. Mkatanga, ambaye kwao mahindi hayo hayo hutiwa muhogo yakaitwa lutuku, alilifupisha jambo kwa Kiswahili chao: "Baba, ii ni lutuku tu; ila yao iko na makaratasi."

Walakini lipo jambo moja ambalo gongo haina, nalo ndilo lililonifanya nistahi kazi ya watu hawa. Nje ya majengo, chini ya dari la bati, hupangwa mbao za mti wa mepo, ule wenye utomvu wa sukari, kwa marundo yaliyopandana kwa unadhifu. Hurushiwa pombe ile ile kali badala ya mafuta ya taa, hutiwa moto, na watu hukaa kuulinda na mipira ya maji, wasiziache mbao ziwe majivu wala wasiuzime moto mapema, mpaka yapatikane makaa. Makaa hayo huvunjwa vipande vidogo na kushindiliwa katika mapipa marefu, kina cha futi 10, na pombe hudondoshwa juu yake tone kwa tone, ikapenya kwa siku kadhaa mpaka itokee chini imetulia na ukali wake umeondoka. Ndiyo sababu hawa hawakubali kuwekwa chungu kimoja na wiski za Kentucky, na mwaka 2013 jimbo likatunga sheria kuwa wiski isiyopita makaa ya mepo isiitwe ya Tennessee. Tulipoingia katika chumba cha makaa tuliambiwa tuzime simu, kwa kuwa hewa yenyewe yaweza kushika moto. Kisha mwongozi akaweka mkono kwenye mfuniko wa pipa moja, akatwambia tusogee, akauinua kwa mshtuko na kuushusha, na upepo uliotoka mle ukatupiga usoni. Nilirudi nyuma hatua mbili macho yakinitoka machozi. Ubavuni kwangu nilimwona Babu Ndevu amejaza hewa mashavuni na kukaza midomo, ndevu zimesimama, akishika pumzi kwa ajili ya Ubaptisti. Naye aliniona mimi nimejiziba pua kwa kikoi kwa ajili ya Uislamu. Tukatazamana hivyo kwa muda, na nadhani tangu siku niliyohamia jengo lile hatujapata kuelewana kiasi kile. Naomba, Ami, umuulize Maalim hukumu ya mtu aliyeingiwa na harufu bila ya kukusudia, na kama udhu wake ulibaki, kwa kuwa niliswali Adhuhuri nyuma ya duka la vifaa nikiwa na shaka.

Pombe iliyochujwa hutiwa katika mapipa mapya ya mwaloni mweupe ambayo ndani yake yameunguzwa kwa moto, ikawekwa katika maghala marefu yenye ghorofa nyingi, na rangi yote ile ya kahawia mnayoiona hutoka katika ule mti, kwa kuwa joto la kiangazi huisukuma pombe ndani ya mbao na baridi huirudisha. Sehemu moja hupotea hewani kila mwaka, nao huiita fungu la malaika. Hapo Babu Ndevu alikohoa, nami nikakohoa, na mwongozi akaharakisha kutuonyesha miti iliyo nje, ambayo vigogo vyake vyote vimekuwa vyeusi kwa kuvu aishiye kwa mvuke huo. Hatimaye hutiwa maji na kufungwa kwenye chupa. Zamani chupa hiyo ilikuwa na nguvu ya asilimia 45. Mwaka 1987 ikashushwa hadi 43, kisha ikashushwa tena hadi 40 hii ya leo. Kule kwetu tumekwisha kuambiwa mgema akisifiwa afanyalo, na huyu amesifiwa dunia nzima.

Juu ya kifo cha Jack Daniel husimuliwa kuwa alifika ofisini alfajiri, akashindwa kulifungua kasha la chuma la fedha, akalipiga teke kwa hasira, kidole kikaumia, kikaoza, na maradhi hayo yakamwondoa mwaka 1911. Kasha lingalipo na wageni huonyeshwa. Sina hakika kama kidole chaweza kumuua mtu kwa mwendo huo wa pole, lakini kisa ni kizuri na kila mtu alicheka.

Hawakucheka kilipofika kisa cha Nearest, na mimi ningependa hapa Maalim apunguze mwendo wa kusoma. Kijana Jack alipotoka kwao alikwenda kuishi kwa mhubiri mmoja wa Kilutheri aitwaye Dan Call, ambaye siku za Jumapili alihubiri na siku nyingine alikuwa na mtambo wa wiski shambani kwake. Ila mhubiri si yeye aliyekuwa fundi. Fundi alikuwa mtu mweusi, mtumwa, jina lake Nathan Green, ambaye watu walimwita Nearest, na ndiye aliyepewa mtoto yule amfundishe moto, uji na makaa. Utumwa ulipokwisha na Jack akaanzisha kiwanda chake, alimchukua Nearest awe mkuu wa mitambo, wa kwanza kabisa, na watoto wake wakafanya kazi humo, na wajukuu, hata leo wamo wa ukoo huo. Iko picha ya zamani ambayo Jack ameketi katikati ya wafanyakazi wake, na kandokando yake, si nyuma wala pembeni, yuko mtu mweusi anayedhaniwa kuwa George, mwana wa Nearest. Picha ilikuwapo ukutani miaka yote, na walioipita wote walikuwa na macho, lakini ilikuwa hadi mwaka 2016, gazeti la New York Times lilipoandika, ndipo kiwanda kilipoanza kulitaja jina hili hadharani mbele ya wageni. Mwandishi mmoja wa kike, Fawn Weaver, aliisoma habari ile, akaja kuitafiti, akaanzisha wiski iitwayo Uncle Nearest, yenye kiwanda pale Shelbyville katika lililokuwa shamba la farasi. Na anayechanganya wiski hiyo ni Victoria Eady Butler, kilembwe wa Nearest mwenyewe. Sisi watu wa pwani tuna hesabu yetu wenyewe katika biashara ya watumwa, nami nisingependa kujifanya mgeni wa jambo hili. Lakini nilisimama pale nikafikiri juu ya mafundi wetu wa milango na wa majahazi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika, na wenye nyumba ambao majina yao yamechongwa juu ya milango ile ile. Mkatanga, ambaye huzungumza kila wakati, alinyamaza tangu hapo mpaka mlangoni.

Chakula cha mchana tulikula kwa Miss Mary Bobo, nyumba kongwe ya mbao iliyopokea wapangaji tangu mwaka 1908, na ambayo Bi Mary mwenyewe aliishi akiitunza mpaka alipofariki mwaka 1983, akiwa amepita miaka 100. Taratibu yake ingemfurahisha Bi Mkubwa: wageni wasiojuana huketishwa meza moja, mama mwenyeji akakaa kichwani kwa meza na kuwasimulia, sahani zikapitishwa mkono kwa mkono. Kuku sikumgusa, kwa sababu mnazozijua, lakini zilikuja bamia, Ami, bamia zilizovingirishwa katika unga wa mahindi na kukaangwa, na mama yule akaanza kunieleza bamia ni kitu gani, nami nikamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Halafu zikaja tufaha zilizopikwa kwa sukari na wiski. Meza nzima ilitugeukia. Mimi niliipitisha sahani kama ilivyokuja. Babu Ndevu aliishika, akamuuliza mwenyeji kama imefika motoni, akajibiwa kuwa imefika sana, akatafakari kwa muda wa kutosha kufungua na kufunga ibada, akajipakulia kijiko kimoja. Na sahani ilipomaliza kuzunguka alimuuliza tena kama desturi ya nyumba ni kuzunguka mara moja tu.

Kabla ya kuondoka, Mkatanga, kwa kuwa hakuweza kuinywa wiski, aliamua angalau kuimiliki, akanunua chupa moja ya ukumbusho na kulipia zaidi ili ichorwe jina la baba mkwe wake kwa herufi za kupindapinda. Pikipiki yake haina sanduku. Pikipiki ya Babu Ndevu ina masanduku mawili ubavuni. Mashauri yalifanyika pale kwenye maegesho, marefu na ya heshima, ambayo mwisho wake chupa ilifungwa ndani ya kikoi changu, ikawekwa katika sanduku la kulia la shemasi, na shemasi akasema kuwa yeye hajui kilichomo ndani ya kikoi cha mtu.

Kurudi kulikuwa kwa haraka, kwa kuwa jioni swala hushuka barabarani, na mnyama yule akiona taa husimama kuzitafakari. Tena ilikuwa Jumatano, siku ambayo Wabaptisti huwa na maombi ya jioni, na funguo za kanisa, lililo kando ya Murfreesboro, zilikuwa mfukoni kwa Babu Ndevu. Tulifika uwanjani tukakuta waumini wamekwisha kukusanyika, wengi wao wazee, wakatupokea kwa bashasha. Babu Ndevu akateremka akaenda kufungua mlango, nasi tukabaki kuilinda pikipiki. Hapo akaja bibi mmoja mwenye nywele nyeupe zilizotengenezwa vizuri, ameshika keki iliyofunikwa kwa kitambaa, na kumbe ni desturi yake kila Jumatano kumpelekea mke wa shemasi, aliye mgonjwa wa goti, kitu cha kula, na desturi hiyo huitimiza kwa kukiweka mwenyewe sandukuni. Na sanduku alilolizoea ni la kulia. Mkatanga alimkimbilia akalionyesha la kushoto kwa mikono yote miwili na kwa Kifaransa. Bibi akamshukuru, akalifungua la kulia, akaona nguo nzuri ya rangi ikamvutia, akaifunua.

Babu Ndevu alikuwa amerudi na funguo mkononi, akasimama. Mimi nilisimama. Bibi yule aliitoa chupa, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani, akalisoma jina la baba mkwe wa Mkatanga herufi kwa herufi, akaigeuza akausoma na upande wa pili. Kisha akaifunga tena ndani ya kikoi kwa ustadi ambao hata mimi mwenye kikoi sina, akaiegemeza mahali isipoweza kugongwa, akaweka keki juu yake, akalifunga sanduku, akamwambia shemasi kwa sauti ndogo kuwa imechorwa vizuri sana, na kwamba ile iliyoko kabatini kwake haina maandishi.

Wasalaam,
mwanao wa Nashville.